Okot p'Bitek: Oxford ilikataa teze yake, yeye akaifanya kitabu

LUBUMBASHI – Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, karibu kila mtu anamjua angalau mtu mmoja aliyeanza teze ya udaktari na hakuimaliza. Ni asistanti aliyefundisha miaka mingi, anasahihisha mitihani ya wengine, na karatasi zake mwenyewe ziko ndani ya sanduku nyumbani, Katuba au Kamalondo au Ruashi. Ukimuuliza kwa nini alisimamisha masomo, ataanza na pesa. Atafuata na ugonjwa wa mzazi, migomo, umeme unaokatika. Mkikaa muda wa kutosha ndipo atataja jina la promota wake, na atalitaja kwa sauti ya chini. Hawakuelewana.

Leo tunamkumbuka mtu aliyepita njia hiyo kabla yetu, tena katika chuo kinachoheshimiwa duniani kote. Okot p'Bitek wa Uganda, mtunzi aliyefariki mwezi Julai 1982, alibishana na walimu wake wa Oxford tangu somo la kwanza. Aliondoka huko na shahada iliyo chini ya udaktari, akafanya kazi miaka kadhaa nyumbani na uhamishoni, akarudisha teze yake mbele ya watahini, na mwaka 1970 wakaikataa. Hakupata kamwe kuitwa daktari wa Oxford.

Kuna sababu nyingine ya kumwandika mtu huyu wa Gulu kutoka hapa Haut-Katanga. Mmoja kati ya wale aliowapinga kwa kalamu alikuwa padri wa Kibelgiji aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, na kitabu chake kilichapishwa katika mji huu wetu, wakati bado unaitwa Élisabethville. Tutafika huko.

Mtoto wa mwimbaji

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Baba yake alikuwa mwalimu, mtu wa misioni ya Kiprotestanti. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma aliyejulikana sana katika eneo lile, na nyimbo alizotunga zilipita mdomo kwa mdomo. Kwa hiyo mtoto huyu alikua kati ya vitu viwili, kitabu cha baba na wimbo wa mama. Anayetaka kuelewa ugomvi wake wote wa baadaye na maprofesa anaweza kuanzia hapo: yale ambayo wataalamu walikuja kuyaandika kama mambo ya ajabu ya watu wa mbali, yeye aliyasikia jikoni kwao.

Alisoma Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, shule ya watoto wa machifu na ya wenye akili waliobahatika. Akaenda Mbarara kujifunza ualimu, akarudi kufundisha shule ya Sir Samuel Baker karibu na kwao, ambako aliongoza pia kwaya. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 hivi, alichapisha riwaya kwa lugha ya Kiacholi, Lak Tar. Ni habari ya kijana anayekosa mahari, anaondoka kwao kwenda Kampala na Jinja kutafuta pesa, na mwisho anarudi mikono mitupu. Wakaaji wa miji ya migodi kama yetu hawahitaji maelezo ya kitabu hicho. Babu zetu wengi walikuja Katanga kwa sababu hiyo hiyo.

Alikuwa pia mcheza mpira. Mwaka 1956 timu ya taifa ya Uganda ilikwenda Uingereza kucheza mechi za kirafiki, wachezaji wengi wakiwa peku, na Okot alikuwa ndani ya timu. Wenzake waliporudi nyumbani, yeye alibaki kusoma. Alichukua masomo ya elimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth, nchi ya Wales. Katika miaka hiyo ya Uingereza imani yake ya Kikristo ilimtoka, na sheria za mila za watu wake zikaanza kumvuta kuliko sheria za Waingereza. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Oxford, kwenye somo la antropolojia, mwaka 1960.

Somo la kwanza

Huo ulikuwa mwaka wa uhuru wa Congo. Tarehe 30 Juni bendera ilibadilishwa Léopoldville, tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na Afrika ikawa kwenye kurasa za kwanza za magazeti ya Ulaya. Mwafrika aliyeingia darasani Oxford wakati huo aliingia kama mwanafunzi, lakini pia kama kitu kinachosomwa.

Taasisi ya antropolojia ya Oxford iliongozwa na Evans-Pritchard, bingwa wa somo hilo katika Uingereza nzima. Alikuwa ameandika juu ya Wazande, watu ambao wengine wao ni wa Haut-Uélé na Bas-Uélé hapa kwetu, na juu ya Wanuer wa Sudan, ambao lugha na desturi zao haziko mbali na zile za Waluo. Pamoja naye alikuwapo Godfrey Lienhardt, mtaalamu wa Wadinka. Hakuna mahali popote Ulaya ambapo kijana wa Kiacholi angepata walimu waliokaa karibu zaidi na watu wake. Tena hawa hawakuwa watu wa kudharau Afrika kwa ujinga. Walijifunza lugha, walikaa vijijini, waliandika kwa heshima ya aina yao.

Pamoja na hayo, Okot mwenyewe alisimulia miaka kumi baadaye, katika utangulizi wa kitabu, kwamba somo lake la kwanza kabisa lilimtia hasira. Mwalimu aliendelea kuwaita Waafrika kwa maneno yanayomaanisha washenzi, watu wa porini, watu wa kale wasiostaarabika. Okot alipinga pale pale. Haikusaidia kitu. Alitambua baadaye kwamba halikuwa kosa la mwalimu mmoja. Maprofesa, wageni waliokuja kusoma makala zao, vitabu vya maktaba, wote walitumia lugha ile ile, na kwao ilikuwa lugha ya kazi tu, isiyo na ubaya.

Neno mshenzi halitupi shida kulielewa. Watu wa pwani waliliita bara lote hivyo, wafanyabiashara wa misafara wakalileta mpaka huku, na wakati wa Wabelgiji mji huu uligawanyika kati ya wale walioitwa évolués, wenye karatasi ya kuonyesha kwamba wamestaarabika, na basenji, waliokuja juzi kutoka kijijini. Mpaka leo utalisikia likitupwa ndani ya basi la Lubumbashi mtu akikanyagwa mguu. Sisi wenyewe tunalitumia bila kufikiri. Okot alikataa kulikubali hata lilipovaa joho la chuo kikuu.

Mwanafunzi wa kwetu angeuliza swali la haraka: kwa nini hakunyamaza tu, apate diploma, aseme yake baadaye? Ndilo shauri ambalo kila mzee wa familia humpa mtoto aliyegombana na promota. Inama kwanza, mwanangu, utasimama ukishamaliza. Si shauri baya, na limewapa wengi kazi. Lakini kwa Okot kilichobishaniwa hakikuwa tabia ya mwalimu wala tarehe ya kusahihisha sura ya pili. Walibishana juu ya somo lenyewe: kama antropolojia ilizaliwa ili kueleza kwa nini watu fulani ni wa chini, je, mtu wa hao wa chini anaweza kuisomea bila kujidanganya? Yeye alifikia jibu kali. Alianza kusema kwamba vyuo vya Afrika havihitaji somo hilo kabisa, na kwamba Waafrika hawana sababu ya kuwagawa binadamu kati ya wastaarabu na washenzi.

Alimaliza shahada ya B.Litt. mwaka 1963 kwa kazi juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, yaani juu ya nyimbo na hadithi za aina ile aliyosikia kwa mama yake. Udaktari ulibaki mbele. Akarudi Uganda.

Mzee, nani alikufinyanga?

Kabla ya kwenda naye nyumbani, inafaa kueleza ugomvi wake ulihusu nini hasa, kwa sababu watu wengi wanafikiri ulikuwa juu ya matusi peke yake.

Kuna kisa ambacho Okot alikipenda na alikiandika vizuri sana. Mwaka 1911 wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia katika nchi ya Waacholi waliwakalisha wazee na kuwauliza nani aliwaumba. Lugha ya Kiluo haikuwa na neno la kuumba kitu kutoka pasipo kitu. Swali likageuka kuwa: nani aliwafinyanga, kama mtu anavyofinyanga chungu? Wazee walishangaa. Watu huzaliwa na mama zao, nani amewahi kufinyangwa? Wakajibu kwamba hawajui. Wageni hawakuridhika, wakasisitiza lazima awepo aliyewafinyanga. Mwishoni mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata ugonjwa wa uti wa mgongo, mgongo ukapinda na kibyongo kikatoka, husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Rubanga alikuwa roho mbaya iletayo ugonjwa huo. Wamisionari walifurahi, jibu limepatikana. Tangu hapo Mungu wa Wakristo akahubiriwa kwa Waacholi kwa jina la Rubanga.

Kisa hicho kinachekesha, na Okot alitaka tucheke. Kisha alitaka tuone namna jibu lilivyopatikana: aliyeuliza alikuwa ameshaamua jibu kabla ya kufika. Ndivyo, kwa maoni yake, ilivyotokea katika vitabu vikubwa vilevile alivyosomeshwa Oxford. Evans-Pritchard na Lienhardt, wote wawili Wakatoliki, walikwenda kwa Wanuer na Wadinka na kurudi na Mungu mmoja mkuu, roho tupu, anayefanana sana na yule wa kanisani kwao. Okot alisema jok, yale ambayo Waluo wanaongea nayo, ni mengi, kila moja na mahali pake na kazi yake: jok la ukoo wa chifu, jok la ugonjwa fulani, jok la mlima. Kuyakusanya yote na kuyafanya kivuli cha Mungu wa Biblia ni kuyavika nguo za kigeni.

Na hakuwaonea Wazungu peke yao. Katika kitabu alichotoa mwaka 1970, African Religions in Western Scholarship, aliwapiga pia wasomi wa Kiafrika, John Mbiti, Jomo Kenyatta, Kofi Busia na wengine, akiwashutumu kwamba, kwa hamu ya kuonyesha kwamba mababu zetu walimjua Mungu, waliwavika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Kwa wasomaji wetu wanaosali kila Jumapili, kwa jina la Leza au la Mungu, hoja hiyo bado inauma. Ilikusudiwa iume.

Padri wa Katanga

Hapa ndipo Lubumbashi inapoingia. Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Congo mwaka 1933 na kufanya kazi ya misioni kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitolewa kwa Kifaransa hapa Élisabethville mwaka 1945. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga, hakukipenda hata kidogo. Paris walikipenda: Présence Africaine walikichapa tena mwaka 1949, kikasomwa dunia nzima, na mwaka 1959 kikatoka kwa Kiingereza.

Tempels alisema kwa Mbantu kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba nguvu hizo zimepangwa kutoka kwa Mungu, kupitia mababu, kwa watu walio hai, mpaka wanyama na vitu. Kwa wakati ule ilikuwa ni kumtetea mtu mweusi, kusema anafikiri na kwamba fikra zake zina mpango. Lakini padri aliongeza kwamba Wabantu wenyewe hawawezi kuieleza falsafa yao kwa maneno yanayofaa, na kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu.

Okot alimjibu mwaka 1964 katika Transition, jarida lililotoka Kampala. Yeye si Mbantu, ni Mluo, na labda kwa hiyo aliona haraka zaidi hatua iliyorukwa: kutoka kwa Waluba wa parokia chache mpaka Wabantu wote, na kutoka kwa Wabantu wote mpaka Afrika nzima. Mmisionari anayetafuta njia ya kufundisha dini yake, alisema Okot kwa namna yake, si shahidi wa kutosha wa dini ya wengine.

Wanafunzi wa falsafa wa mji huu wamemsoma Tempels kwa vizazi. Okot wamemsoma kidogo, kwa sababu aliandika Kiingereza na sisi tulisomeshwa kwa Kifaransa. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 kabla ya kuihama nchi, alimweka Okot katika mjadala wa kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu namna Ulaya ilivyojitengenezea Afrika ya kwake. Ndiyo daraja moja kati ya huku na kule. Madaraja mengine bado yanakosekana.

Kati ya shahada na shahada

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Miaka kati ya 1963 na 1970 ndiyo ambayo mtu mwingine angeiita ya kupoteza. Teze ilikuwa haijaisha. Okot aliajiriwa na Makerere katika idara ya masomo ya nje ya chuo, akapangwa Gulu, kufundisha watu wazima. Badala ya kukaa ofisini akaanzisha tamasha la ngoma na nyimbo za Gulu. Mwaka 1966 akawekwa kuongoza kituo cha utamaduni na jumba la michezo la taifa Kampala, akajaza jukwaa lile la kikoloni wacheza ngoma kutoka vijijini.

Mwaka huo huo 1966, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Song of Lawino, shairi refu alilolianza kwa Kiacholi miaka kumi kabla. Mwanamke wa kijijini, Lawino, anamlalamikia mume wake Ocol, msomi anayeuonea aibu ukoo wake, chakula chake, hata mwili wa mke wake, na ambaye amechukua mwanamke mwingine anayejipaka unga na kuongea Kiingereza. Nyumba ya Ocol imejaa vitabu kama msitu wenye giza, na ndani yake mwanaume amepotea. Ukilisoma ukijua habari ya Oxford, utaona kwamba mtunzi alimjua Ocol kwa karibu. Aliketi naye darasani. Labda alimwona kwenye kioo. Shairi hilo lilisomwa Afrika Mashariki nzima, na Paul Sozigwa wa Tanzania akalifanyia tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino, ambayo naipendekeza kwa msomaji yeyote wa ukurasa huu.

Umaarufu haukumlinda. Mwishoni mwa 1967, wakati wa utawala wa Obote, alisafiri kwenda Zambia, jirani yetu, na kazi yake ya Kampala ikaisha hapo. Alikuwa ameisema serikali vibaya. Akaingia Kenya, akafanya kazi Kisumu, akaanzisha tamasha huko pia. Mwaka 1969 alikwenda Iowa, Marekani, kwenye mpango wa waandishi. Idi Amin alipochukua madaraka Kampala mwezi Januari 1971, mlango wa kurudi ulifungwa kwa miaka minane.

Katikati ya mahangaiko hayo, bila nyumba ya kudumu, na promota na maktaba wakiwa bara lingine, aliandika teze yake juu ya dini ya Waluo wa kati na kuiwasilisha Oxford. Kila mwanafunzi anayeandika teze Lubumbashi huku promota yuko Kinshasa, Liège au Louvain anajua maana ya umbali huo. Mwaka 1970 jibu likaja: haikupita.

Ndio mwaka ule ule alipotoa kile kitabu cha kuwashambulia waziwazi mabingwa wa Oxford. Huwezi kusema alichagua wakati mzuri kwa upande wa busara ya masomo.

Karatasi zilezile, jalada jingine

Alichofanya baadaye kinasimuliwa kwa sentensi moja, lakini ndicho kinachonifanya nimwandike. Hakuificha teze sandukuni. Mwaka 1971, East African Literature Bureau, mchapishaji wa Afrika Mashariki, aliitoa kama kitabu, Religion of the Central Luo. Kitabu kiliuzwa kwa watu wa Afrika Mashariki wenyewe, wale ambao habari zao zimo ndani. Kama watahini wawili watatu walikuwa wamesema hapana, sasa mtu wa Gulu au Kisumu angeweza kusoma na kusema kama jok la kwao limeelezwa sawasawa.

Si yeye peke yake katika kizazi chake. Cheikh Anta Diop wa Senegal, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hakuweza kupata juri mjini Paris la kusikiliza teze yake juu ya Misri ya kale kama nchi ya watu weusi. Mwaka 1954 Présence Africaine waliitoa kama kitabu, ikatikisa watu. Diop alirudi, akatetea teze nyingine mwaka 1960 na kupata udaktari, lakini kwa daraja la chini ambalo lilimzuia kufundisha chuoni. Okot hakurudi. Hilo ndilo lililowatofautisha, na sina hakika nani kati yao alilipa zaidi.

Kwa maana alilipa. Nairobi walimpokea kama mtafiti katika taasisi ya masomo ya Afrika, na alifundisha sosholojia na fasihi katika chuo ambacho Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wametaka idara ya Kiingereza iondolewe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Mahali pazuri kwa mtu kama yeye. Lakini aliishi kama mkimbizi, na wenzake wasiojua nusu ya aliyoyajua waliitwa daktari mbele yake.

Na tuseme pia upande wa pili, kwa sababu kumlilia mtu aliyekataliwa ni rahisi. Okot alikuwa mbishi hata mahali ambapo ubishi ulihitaji ushahidi zaidi. Alimlaumu Tempels kwa kurukia bara zima kutoka kwa watu wa sehemu moja. Lakini yeye naye, akisema Waafrika hawana haja na Mungu mkuu, mara nyingi alisimama Acholi na kuonyesha kidole Afrika nzima. Mwalimu mwenye haki angemwambia hivyo. Sharti la kwanza la mwalimu kusikilizwa, hata hivyo, ni kutomwita mwanafunzi mshenzi.

Kazi haikusimama. Song of Ocol ilitoka mwaka 1970, mume akimjibu mke. Mwaka 1971 zikatoka nyimbo mbili ndani ya jalada moja, ya mfungwa na ya malaya, na mwaka 1972 zikapata tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Mwaka 1974 akatoa Horn of My Love, nyimbo za Waacholi alizozikusanya na kuzitafsiri. Hiyo ni ile kazi ya B.Litt. ya Oxford, sasa bila mtahini.

Kurudi Makerere

Amin aliangushwa mwaka 1979. Okot, ambaye mwishoni mwa miaka ile alifundisha pia Ife, Nigeria, alirudi Uganda, nchi iliyochoka, maduka yakiwa matupu na bunduki bado mitaani. Mwaka 1982 Makerere ilimfanya profesa wa uandishi wa fasihi, bila kungoja karatasi ya Oxford. Alikaa katika kiti hicho miezi mitano hivi. Mwezi Julai mwaka huo alifariki, akiwa na miaka 51.

Riwaya yake ya ujana ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, naye ameshazikwa. Binti yake Juliane Okot Bitek akawa mshairi, na mwaka 2016 alitoa mashairi mia moja juu ya siku mia za Rwanda, 1994.

Ile teze iliyoanguka ilichapishwa tena mwaka 2019, ndani ya jalada moja na utafiti wa Frank Girling, mwanafunzi mwingine wa Oxford aliyeandika juu ya Waacholi na ambaye utawala wa kikoloni ulimfukuza Uganda mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti. Kitabu hicho cha pamoja kimepewa jina la watu wa Lawino, yule mwanamke ambaye kwa shauri lake mwenyewe hakuwahi kutia mguu chuoni.